Maji Yaliyoua Samaki Yakanenepesha Mchicha

Jumamosi moja jioni, mjukuu wangu wa miaka tisa alichota urea kiganja kizima kwenye mfuko wa baba yake, akaingia nayo sebuleni, akaimimina yote kwenye tangi la samaki. Hakufanya utundu. Asubuhi ile alikuwa amemsikia baba yake akilalamika kwamba mpunga wa jaruba la chini umegeuka njano na sasa ni wakati wa kutia mbolea ya kukuzia. Naye alikuwa ameona majani ya tangini yamedumaa wiki nyingi, akayahurumia.

"Guku, nimeyakuzia," aliniambia huku akijipangusa kiganja kwenye kaptula. Guku ndivyo sisi Wasukuma tunavyomwita babu.

Nilikuwa nakula michembe na maziwa, nikaitikia "vizuri" bila kusikiliza. Kosa la kwanza ni langu, tuliweke wazi mapema.

Siku ya kwanza hakikutokea kitu. Jumapili tukaenda kanisani, tukarudi, samaki wanaogelea. Jumatatu alfajiri nikakuta maji meupe kama yaliyooshea mchele, na gapi wetu sita wamepanda wote juu, midomo nje ya maji, wanatweta, mashavu yamewaiva kama pilipili. Kufika saa nne hakuwa amebaki hata mmoja.

Mtoto alilia mpaka akapata kwikwi. Lakini Shinyanga maji hayamwagwi ovyo, hata yakiwa yameua. Bibi yake akasema yapelekwe kwenye mchicha. Tukayabeba kwa ndoo, mimi mbele, yeye nyuma na kikopo chake, tukayamwaga kwenye matuta mawili nyuma ya jiko. Udongo wetu pale ni luseni, ule wa kichanga ambao mvua ikinyesha haukai na kitu. Baada ya wiki mbili mchicha ule ulikuwa na majani mapana kama masikio ya ndama, kijani cha kukoza. Jirani akasimama kwenye ua akauliza tumeutia nini.

Ndipo mjukuu akanijia na swali lake. "Guku, maji yale yameua samaki. Majani ya tangini hayakunenepa hata moja. Mchicha umenenepa. Na maji ni yaleyale. Kwa nini?"

Nimefanya kazi ya maabara hadi kustaafu. Mtoto akiniuliza swali la namna hiyo, chai inapoa.

Tulianza na hesabu. Nilimwambia achote tena urea kiasi kilekile, kwa kiganja kilekile, tukaiweka kwenye mzani wa duka la jirani. Gramu 30. Ukiangalia mfuko wa urea utaona namba 46, na maana yake ni kwamba katika kila gramu 100 za zile punje nyeupe, gramu 46 ni naitrojeni. Kwa hiyo gramu zake 30 zilikuwa na naitrojeni gramu 14 hivi, yaani miligramu 14,000. Tangi letu lina urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 35, linaingia lita 60 hivi. Gawanya mwenyewe. Utapata kama miligramu 230 kwa kila lita.

Sasa, mimea ya tangi lililokaa kivulini inatosheka na miligramu mbili tu kwa lita, na haziishi haraka. Mtoto alikuwa ameipa mara 100 na zaidi.

"Nilifikiri ni kidogo," akasema. "Baba anatia mfuko mzima."

Baba yake anatia mfuko wa kilo 50 kwenye shamba lililo wazi chini ya jua. Hapo ndipo penye siri yote, nami nilitaka aifikie kwa miguu yake mwenyewe.

Kwanza samaki, kwa sababu ndio waliokuwa wanamwuma moyoni. Urea yenyewe si sumu kali kwao, na ndiyo maana Jumapili walikuwa wazima. Ila ndani ya kila tangi, kwenye changarawe, kwenye kioo, kwenye chujio, wamo bakteria wasiohesabika, na wapo wanaoivunja urea ikawa amonia. Amonia unaijua kwa pua: ni ile harufu ya choo cha shule mchana wa jua, au zizi lililofungwa usiku kucha. Samaki naye anatoa amonia mwilini mwake, siyo kwa mkojo kama sisi, bali zaidi kupitia mashavu anayopumulia. Inatoka ndani yenye wingi kwenda nje yenye uchache. Nje kukijaa amonia, ya ndani haina pa kwenda, na ya nje inaanza kuingia. Mashavu yanaungua. Wakati huohuo bakteria wanaoshangilia karamu wanavuta hewa yote iliyomo majini, nao ndio ule weupe tuliouona. Basi gapi walikuwa wanaungua na kukosa pumzi kwa pamoja.

Mchicha hauna mashavu. Na udongo unaishika amonia, unaipokea polepole, bakteria wa udongo wanaigeuza kuwa naitreti, mizizi inakunywa. Mtoto akatikisa kichwa. Habari ya samaki ameielewa. Lakini swali lake lilikuwa na mguu wa pili, na hakuusahau: mbona majani ya tangini, ambayo hayana mashavu vilevile, hayakunenepa?

Tukatoka nje saa sita mchana na karatasi nyeupe. Nikamwambia aweke mkono juu ya karatasi. Kivuli kikatokea cheusi, kingo zake kali kama zimekatwa kwa wembe. Hata nywele za kidole unaziona. Tukaingia sebuleni, kwenye ile kona ya tangi, ambayo niliichagua kwa kuwa ndiyo pekee mbuzi hafiki. Akaweka mkono tena. Kivuli kilikuwa doa la moshi tu, hujui kidole kinaishia wapi.

Watu wa vipimo huhesabu mwanga kwa laksi. Jua la mchana nje ya nyumba yetu hufika laksi 100,000. Sebule ya kawaida mchana huohuo ina mia moja, mia mbili, tatu ukibahatika. Macho yetu hayatuambii tofauti hiyo kwa sababu mboni inajipanua tukiingia ndani, tunaona kila kitu vizuri, tunasema "pana mwanga hapa." Jani halina mboni. Lenyewe linapokea kilichopo.

Halafu tukafanya jaribio ambalo lina umri wa zaidi ya miaka 200. Daktari mmoja Mholanzi, Jan Ingenhousz, akiwa Uingereza mwaka 1779, aliyazamisha majani majini akaona yanatoa viputo yakiwa juani, na gizani hayatoi. Viputo hivyo ni oksijeni, hewa ile tunayoivuta. Sisi tulitumia mmea unaoota wenyewe Ziwa Victoria, unaoitwa kitaalamu seratofilamu. Mjukuu anauita mkia wa paka kwa jinsi majani yake membamba yanavyozunguka shina. Hauna mizizi kabisa. Tuliuweka kwenye glasi ya maji, tukaitoa nje juani.

Baada ya dakika chache kamba ya viputo vidogo kama punje za uwele ikaanza kupanda kutoka kwenye shina lililokatwa. Mtoto akahesabu mpaka akachanganyikiwa, akaanza upya, akachanganyikiwa tena. Tukairudisha glasi sebuleni, kona ya tangi. Viputo vikapungua, vikapungua, kikatoka kimoja, tukasubiri cha pili. Chai ikaletwa, tukanywa. Cha pili kikatoka.

"Unaona?" nikamwambia. "Huu mmea hauumwi. Hauna kazi."

Watoto wengi, na watu wazima zaidi, wanaamini mbolea ni chakula cha mmea. Si kweli, na naomba hili lishikwe. Chakula cha mmea ni sukari, na sukari hiyo mmea unaipika wenyewe kwa mwanga, maji na hewa ya ukaa. Mbolea ni kama chumvi ya mboga. Bila chumvi mboga haipandi, ni kweli, lakini chumvi unaipima kwa sufuria. Juani sufuria ni ile ya harusi inayobebwa na watu wawili. Kwenye kona ya sebule yangu ni kikaango cha yai moja. Mjukuu alikuwa ametia chumvi ya harusi kwenye yai.

Naye akauliza chumvi iliyobaki inakwenda wapi.

Inakwenda kwa mwani. Mwani ni ule utelezi wa kijani unaouona kwenye mawe ya bwawa na kuta za tenki la maji ya mvua. Kwenye tangi lenye mwanga hafifu mara nyingi huanza ukiwa utando wa kahawia, ukiupitishia kidole unabanduka kama vumbi bichi. Mwani ni kiumbe kidogo sana, hana shina la kujenga wala mizizi ya kulisha, anaridhika na mwanga mchache, na kilichosalia mezani anakila chote. Kibaya zaidi anakaa juu ya jani. Jani lililokuwa na mwanga kidogo sasa lina mwanga wa kidogo cha kidogo. Ukiona limedumaa ukaliongezea mbolea, umemlisha mwani, naye anazidi kulifunika.

Hadithi hiyo imetokea kwenye tangi kubwa kuliko letu, na maji yake ndiyo haya tunayokunywa. Tangu mwaka 2009 mradi wa maji wa Kahama na Shinyanga unayatoa maji Ziwa Victoria, pale Ihelele wilaya ya Misungwi, yanasafishwa na kusukumwa kwa mabomba makubwa hadi huku kwetu. Kwa hiyo tangi letu la Kolandoto, karibu na njia panda ya kwenda Lalago, ni kijiko kimoja cha ziwa hilo kilichoporwa na kuwekwa sebuleni.

Ziwa lile lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,800, lakini si la kina sana, mahali pake pa chini kabisa ni mita 80 hivi. Kwa miaka mingi limekuwa likitiwa mbolea bila mtu kukusudia: udongo unaosombwa kutoka mashambani, samadi, maji machafu ya miji, hata vumbi na moshi wa mioto ya nyika unaoanguka na mvua. Kati ya miaka ya 1960 na 1990 mwani uliongezeka mara kadhaa na maji yakapoteza uangavu wake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 likaingia gugu maji kutoka Amerika ya Kusini, likakuta karamu imeandaliwa. Gugu lile linaelea juu, jua lote ni lake, mbolea yote iko chini ya mizizi yake, nani angelishinda? Mpaka wakaletwa mbawakavu wadogo wanaolila.

Lakini mimi ninachopenda kuwasimulia watoto ni habari ya furu. Furu ni wale samaki wadogo ambao kina mama wa Mwanza waliwachemsha kwa nyanya zamani, kabla ya sangara kuwamaliza wengi wao. Wataalamu wamehesabu aina zaidi ya 500 zilizoishi ziwani humo. Aina moja inaitwa *Pundamilia nyererei*, maana ubavuni ina mistari kama ya punda milia, na jina la pili ni la Mwalimu Nyerere. Jina hilo la pili alipewa mwaka 1985. Dume lake ni jekundu mgongoni kama kanga mpya. Ana ndugu anayefanana naye kwa kila kitu isipokuwa dume la huyu ni la buluu. Jike humtambua mume kwa rangi: mwekundu kwa mwekundu, buluu kwa buluu.

Mwaka 1997 mtafiti Ole Seehausen na wenzake, waliofanya kazi upande huu wa kusini wa ziwa, walieleza jambo la kusikitisha. Panapokuwa na maji maangavu, kama kisiwa cha Makobe, wekundu na buluu wanaishi jirani bila kuchanganyika. Panapokuwa na maji mazito, kama kisiwa cha Luanso ndani ya Ghuba ya Mwanza, rangi hazionekani vizuri, majike wanakosea, na baada ya vizazi kadhaa aina mbili zinayeyuka kuwa moja yenye rangi ya kijivujivu. Safari hii si wavuvi wala walaji waliozimaliza. Mbolea ilileta mwani, mwani ukaleta giza, giza likafuta rangi.

Mjukuu alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Kwa hiyo nisitie mbolea tena."

Hapo nikagundua nimemtisha kupita kiasi. Tukaanza tangi upya. Kwanza tulikinga maji ya bomba kwenye ndoo bila mfuniko, yakalala usiku na mchana, ili klorini ya kuulia vijidudu iruke. Klorini haibagui, inawaua hata bakteria tunaowataka. Tukaacha tangi likae wiki sita na mimea peke yake na kipande cha chakula cha samaki kikiozea humo, mpaka bakteria wa kugeuza amonia kuwa naitraiti, na wale wa kuigeuza naitraiti kuwa naitreti, wakajijenga. Ndipo tukaleta gapi wanne wapya.

Kijana mmoja wa Mwanza anayefuga samaki wa mapambo alituuzia mimea mitatu inayovumilia kivuli. Ule mkia wa paka mnaujua. Wa pili ni valisneria, majani marefu kama nyasi za mbuga zilizolowa, nao unaota katika maziwa yetu. Wa tatu ndio ninaoupenda: anubiasi. Una majani magumu, mazito, ya kijani cha chupa, na asili yake ni vijito vya misitu ya Kamerun na Kongo, ambako miti ya juu imeinyima ardhi jua. Schott, bingwa wa mimea wa Austria, mwaka 1857 aliupa jina la Anubis, mungu wa Wamisri wa kale aliyesimamia wafu, kwa sababu unakaa gizani. Shina lake linatambaa juu ya jiwe, ukilifukia linaoza. Kwa mwanga wetu unatoa jani moja kwa wiki tatu au nne. Mtu asiye na subira asiununue.

Nikumbushe hapa neno la maabara: mmea uliotoka ziwani au bwawani usiutie tangini mbio. Konokono wadogo hujificha kwenye majani, na wapo wanaobeba kichocho. Nimewaona wadudu wa kichocho kwenye hadubini mara nyingi kuliko nilivyopenda. Uoshe, uweke kwenye ndoo peke yake wiki mbili tatu, ukimwona konokono mtoe kwa kijiti, siyo kwa vidole.

Mpwa wangu anayechimba dhahabu upande wa Geita naye alitaka kuchangia. Akatuletea kokoto zinazometameta kutoka kwenye marudio, ule mchanga unaobaki baada ya karasha kusaga mawe na watu kuuosha. Zilikuwa nzuri kweli. Nikamshukuru, nikampa azirudishe alikozitoa. Mchanga wa marudio umepitiwa na zebaki, na zebaki haioshwi kwa maji ya bomba. Tulitumia kokoto ndogo za fundi ujenzi, tukazisuuza mara saba.

Miezi miwili mtoto hakutia kitu. Na kusema kweli, kwa miezi hiyo hakuhitajika kutia kitu. Chakula cha samaki ndiyo mbolea ya kwanza ya tangi: kinaingia mdomoni mwa gapi, kinatoka nyuma, na humo mna naitrojeni na fosforasi za kutosha mimea inayokua kwa mwendo wa kinyonga. Ukiwapa kile wanachokimaliza kwa dakika mbili, umepima.

Halafu jioni moja akaniita. Alikuwa amelimulika jani la anubiasi kwa tochi ya simu. Lilikuwa jani la zamani, la chini, na lina matundu madogo kama yametobolewa kwa sindano, kila tundu na duara la njano. Majani mapya juu yalikuwa salama.

"Konokono?" akauliza.

Hapana. Nikamwambia asome jani kama daktari anavyosoma ulimi. Jambo la kwanza la kuuliza ni: anayeumwa ni mzee au mtoto? Mmea una virutubisho vinavyohamishika na visivyohamishika. Vinavyohamishika, vikipungua, mmea unamnyang'anya jani mzee na kumpa mchanga. Potasiamu ni hivyo. Ikikosekana majani ya zamani hutoboka na kugeuka njano kandokando. Naitrojeni pia ni hivyo, ila jani la zamani hupauka lote kwa pamoja, sawasawa na mpunga wa baba yake. Chuma hakihamishiki kirahisi. Kikikosekana, mzee anabaki kijani na mtoto anazaliwa wa njano, mishipa tu ndiyo imebaki na rangi, kama ramani ya mito.

Letu lilikuwa jani la zamani, matundu. Potasiamu. Na inaeleweka, kwa sababu vyakula vya samaki vina naitrojeni na fosforasi nyingi, lakini potasiamu ni haba.

Mtoto akaruka. "Majivu! Bibi anasema majivu yana nguvu."

Bibi yake yuko sahihi, majivu ya kuni yana potasiamu tele, na shambani ni dawa. Lakini bibi huyohuyo huchuja majivu akapata maji ya magadi ya kulainishia mboga ngumu, na ukiyagusa maji yale yanateleza kama sabuni. Ukitia majivu tangini, maji yote yanaelekea huko, na maji yakiwa ya magadi ile amonia kidogo isiyodhuru inageuka kuwa ile inayoua. Tungerudi Jumatatu ile.

Tuliagiza mbolea ya maji ya tangi kutoka Mwanza, yenye potasiamu na chuma, isiyo na naitrojeni. Chupani imeandikwa kipimo cha kila wiki. Tukatia nusu yake, maana waandishi wa chupa huwaza matangi yenye taa kali, nao, tukisema ukweli, wanauza chupa. Kila Jumamosi tunatoa robo ya maji na kurudisha mapya yaliyolala kwenye ndoo, ili kisicholiwa kisijilimbikize. Taa ndogo tuliyoliwekea tangi inawaka saa nane kwa siku, umeme ukiwepo.

Valisneria tukaitendea tofauti, kwa sababu yenyewe inakula zaidi kwa mizizi, na maji ya juu hayaishibishi. Tulichukua udongo wa kichuguu, ule mwekundu wa kufyatulia matofali, tukaukanda na kufinyanga vigololi vya ukubwa wa punje ya choroko iliyovimba. Ndani ya kila kimoja mtoto akaficha punje moja ya NPK, ile ya mfuko wenye namba 17:17:17. Moja tu. Nikamhesabia: punje hiyo haifiki hata sehemu ya kumi ya gramu, na hata ikivuja yote, lita 60 hazitaisikia. Tukavianika siku tatu mpaka vikawa vigumu, tukavisukuma kwa kijiti chini kabisa ya changarawe, kimoja karibu na kila shina. Ufinyanzi unakishikilia kile kilichomo na kukitoa kidogokidogo, kama bibi na sukari.

Yale matundu hayakuziba. Jani lililotoboka halirudi, hilo nilimwambia mapema asije akakata tamaa. Unaangalia jani linalofuata. Wiki ya tano likachomoza, limejikunja kama tiketi ya basi, kijani cha embe bichi. Likajikunjua kwa siku sita. Halikuwa na tundu.

Siku hizi ana daftari la tangi. Sikumwambia aliweke, na kalamu ni yake. Maji machafu ya Jumamosi anayapeleka mwenyewe kwenye mchicha, ndoo nusu nusu. Jana alikwenda kuchunga, akaliacha daftari mezani wazi, nikavaa miwani nikasoma.

*Jumamosi. Jani jipya 1. Mbolea nusu kifuniko.*

*Jumamosi. Jani jipya 0. Mbolea nusu kifuniko. Umeme ulikatika siku mbili kwa hiyo ningetia robo, nimesahau.*

*Jumamosi. Gapi amezaa. Nimehesabu 17 wakakimbia. Mavi yatakuwa mengi. Mbolea hapana.*